Ngata, Debe na Shamba la Mbali

Mgeni afikaye Makete, huko kwenye Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, akiikuta barabara imechongwa vizuri, huenda akadhani kwamba taabu ya uchukuzi imekwisha. Kumbe mizigo iliyo mingi ya kijiji haipiti barabarani kamwe, bali hupita katika vijia vya miguu, toka kisimani hadi jikoni, toka shambani hadi ghalani, na toka ghalani hadi kwenye mashine ya kusaga, nayo aghalabu hukaa juu ya ngata, kichwani mwa mwanamke. Mradi wa uchukuzi wa vijijini ulioanza hukohuko mwaka 1985, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, ulipohesabu safari za kaya, ulilidhihirisha jambo hilo mbele ya wakuu waliozoea kuhesabu magurudumu tu.

Natuchukue hesabu nyepesi. Gunia la mahindi ni madebe sita hivi, na debe moja, lenye uzito wa kilo 18 au zaidi kidogo, ndicho kiasi ambacho shingo huhimili kwa mwendo mrefu. Basi mama aliyevuna magunia 10 katika shamba lililo umbali wa kilomita 4, asiye na msaidizi wala mnyama, ana safari 60 za kwenda na kurudi, yaani kilomita 480, mwendo uzidio ule wa Dar es Salaam hadi Dodoma, na nusu yake debe li kichwani. Mwenye baiskeli hufunga gunia zima kwenye keria akasukuma, na safari 10 zikamtosha.

Taksiri ya shamba huanzia hapo. Samadi ni nzito, hivyo hubaki zizini, na konde la mbali hulimwa mwaka hata mwaka bila rutuba mpaka likachoka. Mvua za kwanza zikinyesha, aliyeamkia kisimani hufika kondeni jua limekwisha kuwa kali. Na wakati wa kuuza, asiyeweza kuufikisha mzigo gulioni humngoja mchuuzi mwenye gari, naye huja na bei yake pamoja na lumbesa, lile gunia la viazi lililovikwa kilemba, ambalo sheria ya vipimo imelikataza nalo lingalipo.

Bodaboda zimeingia, naam, lakini nauli hulipwa taslimu, na mama huzipata fedha baada ya kuuza, si kabla. Kwa rai yangu, kisima cha karibu na mashine ya jirani humwokolea saa nyingi kuliko lami. Ama punda, kwake kuna ajabu moja: mwanamume aonaye haya kujitwika debe haoni haya kulipakia juu ya mnyama, hata mke akapumzika ingawa punda si wake, ila punda huyo akikodishwa kubeba matofali siku ya mavuno, mama huisokota tena ngata yake.