Kiti Kisichoingizwa Ndani

Mgeni anayeingia Mji Mkongwe wa Zanzibar huinua macho kutazama milango ya nakshi. Mwenyeji hutazama chini kidogo, kwenye benchi la mawe lililotokeza ukutani pande zote mbili za mlango, ajue nani yuko na nani hayupo. Hilo ndilo baraza, samani ya nje ambayo watu wa pwani hii waliijenga badala ya kuichonga.

Tofauti hiyo ina uzito. Kiti cha mbao mwenyewe hukitoa akitaka, na akichoka na wageni hukirudisha ndani. Baraza halirudi ndani. Liko upande wa njia usiku na mchana. Ni mali ya mwenye nyumba, lakini mpita njia anayetaka kulikalia haombi ruhusa, hutoa salamu tu.

Fundi hulijenga pamoja na ukuta wenyewe, kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa na chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Juu yake hulisiliba kwa chokaa laini. Kimo chake hakizidi sana goti, na upana wake humtosha mtu mzima kukunja miguu au kujilaza baada ya chakula cha mchana. Njia za mji ni nyembamba na nyumba ni ndefu, kwa hiyo jua hulifikia kwa muda mfupi tu. Jiwe nene lililo kivulini huchelewa kupata joto, na upepo wa kusi au kaskazi ukipenya uchochoroni, hapo nje huwa na nafuu kuliko chumbani. Wazee wanaijua ratiba ya kivuli: asubuhi hukaa upande huu, alasiri huhamia wa pili.

Mtindo wa kukaa mahali palipojengwa si wa jana. Katika magofu ya Songo Mnara, karibu na Kilwa, mji uliokaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, nyumba kubwa zina nyua zenye vidato vipana ambavyo watafiti wanaamini vilitumika pia kukalia. Nyumba za Lamu za karne ya 18 zinaonyesha mpangilio huo ukiwa umekomaa. Mtu huanzia dakani, kibaraza kilichoezekwa mbele ya mlango, chenye viti vya mawe kulia na kushoto. Akiruhusiwa huingia tekani, kipito cha ndani ya mlango, kisha kiwanda, yaani ua wa katikati, kisha misana, yaani kumbi ndefu, miwili inayofuatana, na mwisho kabisa ndani kwa wanawake na familia. Vyumba hivyo ni virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko zinazobeba dari hazivuki kwa usalama nafasi inayofika mita 3.

Kila hatua ilikuwa na watu wake. Mfanyabiashara aliyeshuka chomboni angeweza kukaribishwa, kunyweshwa kahawa na kukamilisha mauzo yake dakani, asivuke kizingiti wala kuiona familia. Daka lilimkirimu mgeni na papo hapo likaisitiri familia. Kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye mgongo mrefu na mapambo ya pembe au mfupa, kilibaki ndani kwa mgeni wa heshima. Nje, kadhi na mchukuzi walikalia jiwe lilelile.

Karne ya 19 iliongeza ghorofa. Utajiri wa Zanzibar chini ya masultani wa Kiomani, na mafundi na wafanyabiashara kutoka India, ulileta roshani za mbao zinazoning'inia juu ya njia. Mwaka 1883 Sultan Barghash alijenga Beit al-Ajaib, jumba lililozungukwa na roshani kila ghorofa juu ya nguzo za chuma. Wanawake waliokuwa nyuma ya vimiani vya roshani waliweza kuuona mji bila mji kuwaona. Chini yao baraza liliendelea na wanaume wake: kahawa tungu inayomiminwa kutoka kwenye dele, kashata, bao, dhumna, mzozo wa mpira na wa siasa. Pale Jaws Corner, kijiwe cha Mji Mkongwe, mazungumzo hayo hayajakatika hadi leo. Masika yakizidi na njia zikajaa maji, watu hupita juu ya mabaraza kama daraja.

Bara, nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo na miji mingine ililipunguza baraza likawa sakafu fupi ya saruji chini ya upenu, mbele ya ukumbi wenye vyumba vitatu kila upande. Hapa wanawake nao walipata sehemu yao. Alfajiri kibaraza ni duka la vitumbua na maandazi. Jioni hutandikwa mkeka, nywele zikasukwa huku macho yakiwa barabarani.

Mshindani mkubwa wa baraza alizaliwa mbali. Mwaka 1972 Mfaransa Henry Massonnet alianza kutengeneza kiti cha plastiki cha kipande kimoja, kinachotoka katika kalibu kwa chini ya dakika 2. Aina hiyo ya kiti sasa imejaa Zanzibar, Mombasa na Lamu. Ni chepesi, hakilowi, na kinapangika kimoja juu ya kingine. Pia kina mwenyewe anayekihesabu jioni na kukifungia ndani.

Mabaraza yenyewe yanaumia zaidi kwa matengenezo mabaya. Mji Mkongwe uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, lakini saruji imekwisha kupakwa juu ya matumbawe mahali pengi. Unyevu na chumvi hupanda kutoka ardhini, na baraza ndilo huvipokea kwanza. Chokaa huviachia vitoke. Saruji huvifungia, ukuta ukaloa kwa ndani mpaka lipu ikabanduka vipande vipande. Fundi wa chokaa huhitaji kuiloweka kwa muda mrefu kabla haijafaa kazi. Mwenye nyumba mwenye haraka hununua mfuko wa saruji, na baada ya masika machache humwita fundi tena.