Kupe kwa mbwa: acha mafuta ya taa, tumia kibano

Ndugu mfugaji, juzi hapa Mnazi nilimkuta mama mmoja anampaka mbwa wake mafuta ya taa masikioni, kupe wamejaa. Nikamwambia, "Mama, hapo unamuunguza ngozi, na kupe akisumbuliwa anaweza kutema vimelea kwenye damu."

Fanya hivi: mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu bila kuzungusha. Usimminye kwa vidole. Mtumbukize kwenye spiriti, kisha osha kidonda na mikono kwa sabuni. Kagua pia katikati ya vidole.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake paka, inaweza kumuua. Mbwa akikataa chakula au ufizi ukipauka, wahi kwa daktari wa mifugo. Huyo ndiye mlinzi wa mbuzi wako.