Tunaulilia mtaa wa zamani, jirani wa leo je?



Kila ninapofika Dar es Salaam na kuadhimisha Misa katika parokia iliyonikaribisha, hakosi mtu wa rika langu wa kunisubiri nje na kuniambia kwamba mtaa aliozaliwa haupo tena. Wa mwisho alikuwa mzaliwa wa Kariakoo. Alinisimulia nyumba yao ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua wa nyuma ambako wapangaji wa makabila yote walipika, na baraza ya mbele ambako wazee walicheza bao jioni. Leo mahali hapo pana ghorofa, na kila mlango ni duka. "Padre," aliniambia, "nikipita pale sijui hata nisimame wapi."

Nilimwelewa. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu wameongezeka zaidi ya mara sita, na hakuna mtaa unaoweza kubeba ongezeko hilo ukabaki kama ulivyokuwa.

Lakini maumivu hayo si ya jiji kubwa peke yake. Mimi ni mtoto wa Mbinga, kule Ruvuma, na kilima nilichokulia nacho hakipo tena. Udongo upo, watu na desturi zao ndivyo vilivyoondoka. Naomba leo nikusimulie habari za kilima hicho, kwa sababu kwa miaka mingi nimekihubiri vibaya.

Kwa Wamatengo, ukoo ulikaa pamoja juu ya kilima kimoja, kati ya kijito na kijito. Eneo hilo tuliliita ntambo. Nyumba zilikuwa juu, migomba na kahawa vikizizunguka, na chini yake mteremko mkali uliolimwa ngolo, yale mashimo yetu maarufu. Nyasi hufyekwa na kulazwa zikakatizana kama miraba, kisha udongo hufukuliwa katikati na kuzifunika. Mvua ikinyesha, kila shimo hubeba maji yake, na udongo haukimbilii mtoni. Msimu mmoja maharage, msimu unaofuata mahindi. Hakuna nyumba iliyoweza kulima mteremko ule peke yake, kwa hiyo tulilima kwa kusaidiana.

Jioni wanaume wa ntambo walikutana kwenye sengu. Kila mama alileta alichopika, wakala pamoja, na papo hapo wakazungumza mambo ya ukoo: mwanafunzi gani hana ada, nani hajapalilia, nani kagombana na mkewe. Sisi watoto tulipewa sehemu yetu pembeni. Wakati wa mavuno ya kahawa, tangu Juni, tulizungusha mashine ya mkono ya kumenya hadi mikono ikaota malengelenge, na vichanja vya kuanikia vilijaa kila uwanja. Kahawa ndiyo iliyoezeka bati nyumba zetu na kutulipia shule.

Kisha mambo yakabadilika, moja baada ya jingine. Mwaka 1986 Mbinga ikawa jimbo, na kwetu ilikuwa furaha kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 likaja soko huria la kahawa, na ushirika ukadhoofika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya kahawa duniani ikaanguka vibaya, na vijana wengi wakaiacha mibuni, wakaenda Songea na Dar es Salaam. Baadaye ikaja lami kutoka Songea, na mji ukaanza kupanda kilima. Shamba likawa viwanja. Ndugu mmoja aliuza kipande ili amsomeshe mtoto, mwingine ili amtibu mke, mwingine kwa sababu tu mwenzake ameuza. Leo pale pana nyumba za kupangisha, gereji ya pikipiki, vibanda vya wakala wa fedha, na kuta zilizopandwa vipande vya chupa juu yake. Wakazi ni Wakinga wenye maduka, Wangoni, Wanyasa kutoka ziwani, Wayao kutoka Tunduru, na watumishi wa serikali kutoka kila mkoa. Wa ukoo wetu amebaki mmoja tu: mama mdogo, mjane wa baba mdogo wangu, mwenye umri unaopita miaka themanini.

Msomaji wangu, kwa zaidi ya miaka ishirini nimekitumia kilima kile katika mahubiri. "Kwetu zamani," nilikuwa nikisema, "hakuna aliyelala njaa wakati jirani ana chakula." Waumini walitikisa vichwa kwa huzuni, nami nikaona nimehubiri vizuri.

Mwaka jana mama mdogo alianguka jikoni usiku. Hakuna aliyemsikia. Asubuhi jirani yake, mama wa Kiislamu kutoka Tunduru anayeuza genge ng'ambo ya njia, aliona kwamba moshi hautoki jikoni kwa bibi kama kawaida. Akaacha genge, akagonga, akaingia. Alimwita kijana wa bodaboda anayepanga nyumba ya tatu, wakampakia katikati, mmoja akiendesha na mwingine amemshika kwa nyuma, wakampeleka hospitali. Gharama ya kwanza aliitoa yeye. Mimi, mwana wa ukoo na padre, nilipata habari siku ya tatu.

Nilipofika kumjulia hali, nilimshukuru yule mama. Tulipobaki wawili, nikaanza wimbo wangu wa siku zote. Nilimwambia mama mdogo kwamba inauma kumwona anazeeka katikati ya wageni, na kwamba zamani kilima kizima kingekuwa kando ya kitanda chake.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Padre, unamkumbuka mama wa ziwani?"

Nilimkumbuka, ingawa kwa miaka mingi sikuwa nimetaka kumkumbuka. Alikuwa mwanamke wa pwani ya Ziwa Nyasa, aliyeolewa katika ukoo wetu, na mumewe akafa mapema. Alikuwa na binti mmoja wa umri wangu, tuliyekaa naye dawati moja. Nilipokuwa na miaka kama tisa, surua ilipita kilimani na watoto wawili wa ukoo wakafariki. Minong'ono ikaanza kwamba mjane yule ndiye mchawi. Usiku mmoja jiko lake la nyasi lilichomwa moto. Alfajiri alishuka njia ya ziwani na furushi kichwani, binti akimfuata. Baba yangu, aliyekuwa akisalisha rozari kila jioni, alifunga mlango na kutuambia tulale. Jioni iliyofuata wanaume walikula sengu kama kawaida, na hakuna aliyelitaja jambo lile. Mimi nilikula sehemu yangu.

"Yule hakufukuzwa na wageni," mama mdogo aliniambia. "Tulimfukuza sisi wenyeji. Na mimi sasa ni mjane, niko peke yangu, nimezeeka, macho yamekuwa mekundu kwa moshi. Ingekuwa kilima kile cha zamani, ungejuaje kama wangenipeleka hospitali?"

Sikuwa na jibu.

Katika Kitabu cha Ezra, sura ya tatu, tunasoma kwamba Wayahudi waliorudi kutoka Babeli walipoweka msingi wa Hekalu jipya, vijana walipiga kelele za shangwe, lakini wazee waliokuwa wameiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti. Kilio na shangwe vikachanganyika, watu wasiweze kuvitenganisha. Maandiko hayawakemei wazee wale. Machozi kwa ajili ya mahali tulipopapenda si dhambi. Sengu ilikuwa kitu chema, na imepotea. Baraza ya Kariakoo ilikuwa kitu chema, na imepotea. Mtu anayelia ana haki ya kulia.

Lakini wazee wale walijua pia kwa nini nyumba ya kwanza ilibomoka. Kabla ya uhamisho, Yeremia alisimama kwenye lango la Hekalu lile lile na kuwaambia watu wasilitegemee jengo ilhali wanamwonea mgeni, yatima na mjane. Jengo likaanguka. Anayelia bila kukumbuka hilo anaikumbuka nusu tu ya habari. Mhubiri naye, katika sura ya saba, anatuonya kwamba si busara kuuliza kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko za sasa. Na Mtakatifu Agostino, watu walipolalamika kwamba nyakati zimekuwa mbaya, aliwajibu kwamba nyakati ni sisi wenyewe: tukiishi vema, nyakati zitakuwa njema.

Nikaisoma upya Injili ya Luka, sura ya kumi. Mwalimu wa Sheria aliuliza jirani yake ni nani. Yesu akamwonyesha mtu aliyejeruhiwa njiani, na wa kwanza kumwona na kupita kando alikuwa kuhani. Nimeihubiri sehemu hiyo mara nyingi bila kuhisi kwamba inanigusa. Aliyesimama ni Msamaria, mtu wa nje, aliyempandisha mjeruhiwa juu ya mnyama wake na kutoa fedha zake mwenyewe. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Fratelli Tutti wa mwaka 2020, alitenga sura nzima kwa mfano huu, na anatukumbusha kwamba Yesu hatuambii tuhesabu nani ni jirani yetu, bali sisi tuwe majirani. Ujirani haukuwa katika udongo wa kilima chetu wala katika damu ya ukoo. Ulikuwepo siku tulipoutenda, na usiku ule wa moto haukuwepo.

Miezi michache baadaye nilishuka ziwani. Zamani safari ya Mbinga hadi Mbamba Bay wakati wa masika ilikuwa ya kuomba Mungu, lori likikwama katika milima ile. Sasa ni lami, kilomita zipatazo 67, unaondoka kwenye baridi ya Umatengo na muda si mrefu unakutana na joto la ziwa. Niliuliza kijiji kwa kijiji. Mama wa ziwani alishafariki zamani. Binti yake nilimkuta ufukweni, mwanamke wa makamo mwenye wajukuu, akigeuza usipa kwenye vichanja. Vilifanana kabisa na vichanja vyetu vya kahawa.

Nilijitambulisha, nikamweleza kwa nini nimekuja, nikamwomba msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili ya baba yangu. Aliendelea kugeuza samaki kwa muda. Kisha akaniuliza, "Ule mparachichi uliokuwa nyuma ya nyumba yetu bado upo?"

Nikamwambia ulikatwa, na pale sasa pana nyumba za kupangisha.

"Na kijito?"

Nikamwambia kimebaki chembamba, watu wanafulia humo.

"Mama hadi anakufa alikuwa anasema hajawahi kunywa maji matamu kama yale," alisema. Kisha akanivutia kigoda. "Kaa, Padre. Basi sote hatuna tena pa kurudi."

Nimelitafakari sana neno hilo. Sisi tulipotelewa na kilima chetu polepole, kwa miaka arobaini, na tumelalamika kila hatua. Yeye alipotelewa nacho usiku mmoja, akiwa mtoto wa miaka tisa, na hakuna aliyemlilia. Msamaha sikuuona kwa maneno. Nilipewa kigoda na sahani ya ugali kwa usipa, nikala.

Ndugu msomaji, tangu maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo, Kanisa letu limejipanga kwa majirani, nyumba kwa nyumba, na halikusubiri watu wawe wa ukoo mmoja. Ni hekima kubwa. Lakini jumuiya ya kilimani kwetu hukutana kila wiki, na mama wa genge hayumo, kwa sababu ni Mwislamu. Kijana wa bodaboda hayumo, kwa sababu hakuna aliyemkaribisha. Wao ndio waliouona moshi ambao hautoki. Niliwaomba viongozi wa jumuiya jambo moja: kila wanapomaliza sala, wataje kwa majina nyumba zote za njia ile, za waumini na zisizo za waumini, waulize nani ameonekana wiki hii na nani hajaonekana. Mama mdogo anasema inafanana na sengu, ila safari hii hata wanawake wanasema.

Nawe unayesoma haya Kariakoo, Magomeni, Songea au Mbinga, ulilie mtaa wako wa zamani ukitaka. Ila kumbuka pia nani alifukuzwa humo ukiwa mtoto, na uliambiwa ulale. Kisha leo, ukitoka ibadani, gonga lango moja ambalo hujawahi kuligonga, ulize jina la anayekaa ndani.