Bepari Akiondoka, Anabaki Nani? Mapambano ya Kitabaka na Funzo la Mwongozo



Kila tukizungumza siasa za nyumbani, neno "bepari" halikosi. Fulani bepari, fulani kabaila, fulani kupe. Lakini hebu muulize mtu bepari ni nani hasa. Atakutajia tajiri mwenye duka, au mwenye majumba. Mimi naona hapo ndipo tulipoteleza tangu zamani, na naomba nieleze kwa kirefu kidogo, maana jambo lenyewe si la maneno matupu. Kuna watu walipoteza kazi zao kwa ajili yake.

Tuanze na neno. "Bepari" limetoka Bara Hindi, na maana yake ya asili ni mfanyabiashara, mchuuzi. "Tabaka" ni la Kiarabu, maana yake safu iliyolaliwa na safu nyingine, kama tabaka za ardhi. Basi wanasiasa wetu walipotafuta Kiswahili cha fikra za Marx, walichukua maneno haya mawili, na maneno yakaja na picha zake. Bepari akawa na sura: Muhindi nyuma ya kaunta. Tabaka likawa ni nani yuko juu na nani yuko chini, yaani nani anacho na nani hana.

Marx hakusema hivyo. Kwake yeye tabaka halipimwi kwa wingi wa fedha, linapimwa kwa uhusiano wa mtu na nyenzo za kuzalisha mali: mashine, ardhi, malighafi. Mwenye nazo ni upande mmoja. Asiye nazo, ambaye hana cha kuuza ila nguvu zake, ni upande wa pili. Chukua mfano. Mfanyakazi anaingia kiwandani saa moja asubuhi na anatoka jioni, saa kumi kwa jumla. Tuseme katika saa sita za mwanzo ameshazalisha thamani inayotosha mshahara wake wa siku. Je, anaruhusiwa kwenda nyumbani? Thubutu! Saa nne zilizobaki anamfanyia mwenye kiwanda, na kinachotoka humo ndicho Marx alichokiita thamani ya ziada. Aliyafafanua hayo katika juzuu ya kwanza ya Kapitali, mwaka 1867.

Hapa kuna nukta ambayo wengi wanairuka. Unyonyaji huu hautegemei roho mbaya. Mwenye kiwanda anaweza kuwa mcha Mungu, anatoa zaka, analipa mshahara kabla jasho halijakauka. Lakini akipunguza saa za kazi na mwenzake wa jirani hakupunguza, atashindwa sokoni. Kwa hiyo ugomvi wa mfanyakazi na mwajiri si ugomvi wa tabia. Mmoja anataka saa zipungue na mshahara upande, mwingine anataka kinyume chake, na wote wawili wana sababu zao.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu chake cha Ujamaa. Humo alisema ujamaa wa Afrika haukuanzia kwenye tabaka zinazogombana, kwani jamii zetu za jadi hazikuwa na tabaka, na hata neno lenyewe alitilia shaka kama limo katika lugha zetu za asili. Msingi wake ulikuwa udugu, si mapambano. Halafu likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Benki na viwanda vikubwa vikachukuliwa na serikali, viongozi wakakatazwa kuwa na hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Mwezi wa Aprili 1971 yakataifishwa na majumba ya kupangisha. Ile sura ya nyuma ya kaunta ikaondoka. Wengi wakaamini bepari kwisha.

Lakini kiwandani nani alikuwa na sauti? Tukumbuke kwamba sheria ya mwaka 1962 ilishaifanya migomo halali kuwa migumu mno, na mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vilivunjwa kikaundwa kimoja tu, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Katibu mkuu wa kwanza alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi! Sasa mfanyakazi ashtaki kwa nani?

Februari 1971, baada ya Amin kupindua serikali Uganda, TANU ikatoa Mwongozo. Kipengele cha 15 kilikataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu kwa wananchi. Nadhani waliouandika hawakutegemea kilichofuata. Wafanyakazi waliusoma, wakauchukua kama ulivyo. Migomo ikazuka, na ajabu yake ni kwamba mingi haikuanza kwa kudai mshahara. Ilianza kwa sababu meneja anatukana watu, au anatumia mali ya shirika kama yake. Mameneja wakafungiwa milango nje. Na hawakuwa mameneja wa makampuni binafsi peke yao, wa mashirika ya umma nao walikuwamo.

Mwaka 1973 mambo yakapanda daraja. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wafanyakazi walimtoa mwenyewe wakaendesha uzalishaji wao. Hao waliachiwa. Lakini wenzao wa kwingine walipotaka kufuata nyayo hizo, jibu lilikuwa polisi na kufukuzwa kazi. Kumfungia nje meneja mkorofi ni kitu kimoja, kusema kiwanda ni chetu ni kitu kingine.

Issa Shivji alishaandika kuhusu mapambano haya ya kimya mwaka 1970, katika jarida la wanafunzi wa Chuo Kikuu, Cheche, ambalo lilipigwa marufuku mwaka huo huo. Baadaye, katika kitabu chake cha 1976, alishikilia kwamba limezaliwa tabaka jipya la warasimu wanaotawala uchumi kwa kupitia dola. Mitaani hawakuhitaji kitabu. Walishawaita naizesheni, na Wabenzi kwa magari yao.

Najua wapo watakaosema namwonea Mwalimu. Siyo. Ziada ile ilijenga shule na zahanati, na bila Azimio pengine isingejenga hata moja. Hilo nalikubali kabisa. Ninachosema ni kwamba kuibadilisha hati ya umiliki hakukubadilisha uhusiano. Yule wa saa kumi alibaki wa saa kumi, na aliyeamua ziada iende wapi hakuwa yeye.

Gharama yake ilionekana baadaye. Mwaka 1991, huko Zanzibar, CCM ililegeza masharti ya uongozi, na katika miaka ya 90 mashirika yakauzwa. Wafanyakazi, ambao kwa miaka zaidi ya 20 waliambiwa viwanda ni vyenu, hawakuwa na chombo chao huru cha kuvitetea wala sauti ya kukataa. Ndiyo maana nasema wale wa 1973 hawakuwa wakorofi. Waliuliza mapema swali ambalo sisi tulikuja kuliuliza mali ilipokwisha kuondoka.

Basi leo tukisikia mradi umeitwa wa umma, au wa mwekezaji, au wa ubia, tusibabaike na jina. Tuulize mambo matatu: nani anapanga kazi, nani anaamua ziada iende wapi, na mfanyakazi akisema hapana, inamfika nini? Majibu ya hayo ndiyo yatakayotuambia nani ni bepari, hata kama hana duka.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja ya kunipinga karibu sana, tuelimishane.