Hostos: chuo kilichokataa kufutwa, na bei iliyolipwa

Mwezi Juni 1976, wakubwa wa jiji na jimbo la New York walifikia mapatano ya fedha yaliyofanya mambo mawili kwa mpigo. Yalikiokoa Chuo cha Jamii cha Hostos, ambacho miezi miwili nyuma kilikuwa kimeshahukumiwa kufutwa. Na yalizika elimu ya bure katika vyuo vya jiji hilo, iliyokuwepo tangu 1847. Wanaokipenda chuo hicho husimulia zaidi lile jambo la kwanza, na si ajabu, maana lina wanafunzi waliolala madarasani, polisi, maandamano na ushindi. La pili halina mtu wa kulipigia makofi. Lakini yote mawili yalitoka mfuko mmoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Bronx Kusini, sehemu ya jiji ambako Hostos ilizaliwa, ilikuwa na wakazi wengi wenye asili ya Puerto Rico, waliohamia New York kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili. Hawakuwa wageni kisheria, kwani watu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917. Walipiga kura, walipelekwa vitani Vietnam, walishona nguo viwandani na kuosha vyombo mahotelini. Ila vyuo vya jiji, vilivyokuwa bure, vilidai alama za sekondari ambazo watoto wao hawakuzipata. Wengi waliingia darasani wakijua Kihispania, wakafundishwa kwa Kiingereza wasichokielewa, wakaacha shule kabla ya kumaliza. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi na hauingiliki.

Viongozi wao wakadai chuo chao wenyewe. Aprili 1968 Baraza la Elimu ya Juu la jiji likaidhinisha, na chuo kikapewa jina la Eugenio María de Hostos, mwalimu na mwandishi wa Puerto Rico aliyezaliwa 1839, akapigania uhuru wa kisiwa chake na haki ya wanawake kusoma, akafia Santo Domingo mwaka 1903. Kukipa chuo cha wahamiaji wa Bronx jina hilo ilikuwa kauli ya kisiasa hata kabla mwanafunzi wa kwanza hajaandikishwa.

Chuo cha jamii, kwa msomaji ambaye hajakutana na aina hiyo, ni chuo cha miaka miwili kilichowekwa karibu na makazi ya watu. Mtu hutoka na stashahada. Akitaka anakwenda kazini, akitaka anaendelea chuo kikuu kumalizia miaka miwili ya shahada. Wanafunzi wake wengi wana kazi, wana watoto, na huja darasani wakiwa wamechoka. Wamarekani walivijenga vyuo hivi kwa mamia katika miaka ya 1960. Hostos ilitofautiana na vingi kwa jambo moja kubwa: mwanafunzi aliyejua Kihispania tu aliweza kuanza masomo yake kwa Kihispania, biolojia kwa Kihispania, hesabu kwa Kihispania, huku akijifunza Kiingereza pembeni mpaka avuke.

Septemba 1970 wakaingia wanafunzi 623 wa kwanza. Jengo lilikuwa kiwanda cha zamani cha matairi, namba 475, barabara ya Grand Concourse. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Jiji la New York, chenye vyuo vyote hivyo chini yake, kilianza kumpokea kila aliyemaliza sekondari. Sera hiyo ilikuwa imepangiwa 1975, lakini mgomo wa wanafunzi weusi na wa Puerto Rico katika chuo cha City College, Aprili 1969, uliivuta ikaja miaka mitano mapema. Wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza katika vyuo vya jiji wakapanda kutoka takriban 20,000 hadi 35,000 kwa msimu mmoja.

Hostos ikafurika. Kiwanda kile hakikuwa na ukumbi wa maana, hakikuwa na uwanja wala nafasi ya mtu kukaa na kitabu. Chuo kilielekea hasa kwenye kazi za afya: uuguzi, usafi wa meno, upigaji picha za eksirei. Hesabu yake ilikuwa rahisi, kwani jirani kulikuwa na Hospitali ya Lincoln, iliyohitaji watu wanaoweza kuzungumza na wagonjwa wake. Kati ya waliosomea uuguzi hapo mapema miaka ya 1970 alikuwepo mama mmoja mjane, muuguzi msaidizi, aliyezaliwa Puerto Rico na kulea watoto wawili Bronx. Jina lake Celina Sotomayor. Binti yake, Sonia, ndiye aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2009, na katika kumbukumbu zake ameeleza jinsi mama yake, mtu mzima, alivyorudi kusoma Hostos kwa hofu kubwa ya mitihani. Wapo wanaomtaja jaji huyo kila wakitetea vyuo vya jamii. Kwangu mimi mama ndiye mfano wenye uzito. Watoto wenye kipaji kama Sonia wangeokotwa na vyuo vikubwa popote walipo. Muuguzi msaidizi wa umri wa Celina, asiyekuwa na muda wala akiba, alihitaji chuo kilichopo mtaani kwake.

Tatizo la nafasi ndilo lililowafundisha watu wa Hostos siasa. Ng'ambo ya barabara, namba 500, lilikuwepo jengo la kampuni ya bima. Mwaka 1973 walimu na wanafunzi walianza kudai linunuliwe kwa ajili ya chuo. Waliandika barua kwa maelfu, wakaandamana, wakawafuata wabunge hadi Albany, makao makuu ya jimbo. Mwaka 1974 bunge la jimbo likapitisha sheria maalumu ya kulinunua. Mwaka huohuo chuo kikapata ithibati kamili. Ungedhani safari imenyooka.

Haikunyooka, kwa sababu jiji lenyewe lilikuwa linafilisika. Mwaka 1975 mabenki yalikataa kuendelea kulikopesha, jimbo likaunda bodi ya dharura ya kudhibiti matumizi yake, na Rais Gerald Ford akatangaza kwamba atapinga mpango wowote wa serikali kuu kulinusuru. Gazeti la Daily News la Oktoba 30 likaweka ukurasa wa mbele kichwa maarufu kilichodai Ford ameliambia jiji lijifie. Ford hakutamka maneno hayo, ila wakazi wa Bronx hawakuona tofauti. Kwao majumba yalikuwa yanawaka kila usiku, mengine yakichomwa na wenyewe kwa ajili ya fedha za bima, vituo vya zimamoto vikifungwa ili kubana matumizi. Kati ya 1970 na 1980 Bronx ilipoteza wakazi wapatao 300,000. Chuo kilikuwa kinakua ndani ya mtaa unaohama.

Februari 1976, mkuu wa Chuo Kikuu cha Jiji, Robert Kibbee, akaleta mpango wa kupunguza vyuo: vingine viunganishwe, vingine vishushwe hadhi. Hostos ilipangiwa kumezwa na Chuo cha Jamii cha Bronx, ambacho miaka mitatu nyuma kilikuwa kimehamia kampasi nzuri iliyoachwa na Chuo Kikuu cha New York. Aprili Baraza la Elimu ya Juu likaafiki.

Hoja za Kibbee hazikuwa za kijinga. Hostos ilikuwa ndogo, gharama yake kwa kila mwanafunzi ilionekana kubwa, na wilaya moja ilikuwa na vyuo viwili vya aina moja. Mhasibu asiyejua chochote kuhusu Bronx angefikia uamuzi uleule. Lakini chini ya hoja ya fedha kulikuwa na nyingine iliyosemwa kwa sauti ya chini zaidi: je, chuo kinachofundisha kwa Kihispania ni chuo cha kweli au ni mahali pa kuwaliwaza watu? Je, mwanafunzi akiachwa na lugha ya nyumbani atabaki nayo, asivuke kamwe? Msomaji wa Tanzania, ambako ubishi wa lugha ya kufundishia haujapoa tangu uhuru, atatambua kila upande bila kutambulishwa. Watetezi wa Hostos walijibu kwamba Kiingereza kilikuwa sehemu ya masomo tangu siku ya kwanza, na kwamba mtu hajifunzi anatomia kwa kungoja miaka miwili mpaka ajue lugha nyingine. Kumpeleka mwanafunzi huyo kwenye chuo cha Kiingereza kitupu na kuita hatua hiyo muungano ni kumfukuza kwa adabu.

Mapambano yalikuwa na kambi mbili, na hazikupendana sana. Kamati ya Kuiokoa Hostos iliegemea chama cha wafanyakazi wa chuo. Mmoja wa viongozi wake alikuwa mwanahistoria Gerald Meyer. Silaha zao zilikuwa barua, saini, safari za Albany na urafiki na wabunge. Kambi ya pili, Muungano wa Jamii wa Kuiokoa Hostos, ilikuwa na wanafunzi, wanaharakati wa mrengo wa kushoto na mwalimu kijana aliyekuwa mwanasheria, Ramón Jiménez. Hawa waliamini kwamba mwanasiasa haogopi barua, anaogopa barabara ikifungwa. Wakaifunga Grand Concourse saa za watu kutoka kazini. Mwishoni mwa Machi 1976 wakalitwaa jengo la chuo lenyewe na kulishikilia kwa siku 20. Masomo yaliendelea. Wakazi walileta chakula. Watoto wa wanafunzi waliangaliwa humohumo, wazazi wao wakiwa kwenye zamu za ulinzi. Aprili 12 polisi wakaingia na kuwakamata watu wapatao 40.

Kila kambi ilikuja kudai baadaye kwamba yenyewe ndiyo iliyokiokoa chuo. Kwa maoni yangu ubishi huo hauna mshindi, na hauhitaji kuwa naye. Mbunge aliyefuatwa na mwalimu mwenye tai Albany alimsikiliza kwa makini zaidi kwa sababu alikuwa ameona picha za waliokamatwa. Na waliokamatwa wangesahaulika ndani ya wiki mbili kama hakungekuwa na mtu Albany wa kuandika kifungu cha sheria.

Mwishoni mwa Mei fedha zikaisha kabisa. Chuo Kikuu cha Jiji kikashindwa kulipa mishahara, na vyuo vyote, vyenye zaidi ya wanafunzi 200,000, vikafunga milango kwa takriban wiki mbili, katika msimu wa mitihani. Hapo ndipo mapatano yalipokamilika. Mapema Juni Baraza la Elimu ya Juu, likisukumwa na jimbo, lilipiga kura kuanza kutoza ada. Jimbo nalo, kupitia sheria iliyobeba jina la mbunge Irwin Landes, likamwaga fedha vyuo vifunguliwe, na ndani ya fungu hilo dola milioni 3 zilitengwa kwa ajili ya chuo cha lugha mbili huko Bronx. Jina la Hostos likabaki mlangoni.

Walioitetea ada walisema maskini hawataumia, maana jimbo lilikuwa na mpango wa msaada wa ada tangu 1974, na serikali kuu ilikuwa na wa kwake. Kwa sehemu walikuwa sahihi. Mwanafunzi maskini wa kutwa aliyejaza fomu zake vizuri mara nyingi hakutoa hata senti mfukoni. Ila msaada wa jimbo haukumgusa anayesoma kwa muda, anayechukua somo moja au mawili jioni baada ya kazi, na huyo ndiye aliyejengewa vyuo vya jamii. Maelfu ya walimu wa Chuo Kikuu cha Jiji walipoteza kazi. Walioajiriwa mwisho walitoka kwanza, na walioajiriwa mwisho ndio waliokuwa na weusi na watu wa Puerto Rico wengi zaidi. Katika miaka iliyofuata wanafunzi walipungua kwa makumi ya maelfu. Miaka 129 ya elimu ya bure iliwahudumia watoto wa Wayahudi, Waitaliano na Waayalandi kizazi baada ya kizazi, na ilikufa miaka sita tu baada ya milango kufunguliwa kwa kila mtu. Wapo wanaosema ni mkasa wa bajeti tu. Huenda, lakini mikasa ya bajeti ina tabia ya kumkuta yuleyule.

Jengo la namba 500 nalo lilibaki karibu tupu. Fedha za ukarabati ziligandishwa na mgogoro, wanafunzi wakaendelea kubanana kiwandani wakilitazama kupitia madirishani. Ikabidi ianze kampeni ya tatu, na mwaka 1978 wanafunzi waliingia na kulikalia mpaka jiji likakubali kulifanyia kazi. Ndani ya miaka mitano chuo hicho kilikuwa kimepigania nafasi, uhai, kisha nafasi tena.

Mmoja wa waliosaidia kukianzisha alikuwa Herman Badillo, rais wa wilaya ya Bronx wakati chuo kinaidhinishwa, na baadaye mtu wa kwanza aliyezaliwa Puerto Rico kuwa mbunge wa Marekani mwenye haki ya kupiga kura. Mwaka 1997, akiwa makamu mwenyekiti wa bodi ya Chuo Kikuu cha Jiji, Badillo huyohuyo alisimama upande wa waliotaka wanafunzi wa Hostos wafaulu mtihani wa kuandika Kiingereza kabla ya kuhitimu. Uamuzi ulitoka siku chache kabla ya mahafali. Wanafunzi wakaenda mahakamani.