Mzee Haoni: Ni Mto au Ni Umri?

Jioni, mzee amekaa mbele ya nyumba yake hapa Mangobo, Kisangani. Mjukuu anamsalimia, naye anaitikia vizuri, lakini hajui ni mjukuu yupi mpaka amsikie sauti mara ya pili. Jirani anasema, "Ni uzee tu." Neno hilo limewanyima wazee wengi macho yao, kwa sababu likishasemwa hakuna anayempeleka mzee kupimwa. Uzee ni umri. Upofu una chanzo, na vyanzo vingi vina tiba vikiwahiwa.

Tuanze kwa kuuliza ni sehemu gani ya picha inayompotea. Simama naye kando ya barabara. Akiiona toleka, baiskeli ya kubeba abiria, inayokuja kutoka ubavuni, lakini akimkazia macho mwendeshaji anakuta doa mahali pa uso, huenda tatizo liko katikati ya retina, utando ulio nyuma ya jicho unaopokea picha. Sehemu hiyo huitwa makula, na kuchakaa kwake huwapata hasa waliovuka miaka 50. Ikiwa ni kinyume, yaani uso anauona lakini toleka ya ubavuni haioni, na giza likiingia hatembei bila kushikwa mkono, fikiria glakoma au ugonjwa unaoletwa na mito yetu wenyewe: usubi, upofu wa mtoni.

Inzi weusi wadogo wa usubi huzaliana kwenye maji yanayokimbia na kugonga mawe, na mji wetu una maji hayo kwenye maporomoko ya Wagenia na ya mto Tshopo. Inzi hao humpa mtu mnyoo kwa kumuuma. Mnyoo mzima hukaa ndani ya vinundu chini ya ngozi kwa miaka 10 hadi 15, akizaa maelfu ya viluwiluwi. Hao husambaa mwilini, wakaleta muwasho usiolaza mtu na mabaka kama ya chui kwenye miguu, kisha huingia machoni. Wanapokufa humo, mwili huwaka, na makovu hubaki kwenye kioo cha jicho, kwenye retina na kwenye mshipa wa kuonea. Mwaka 1932 daktari Mbelgiji Jean Hissette alichapisha habari za upofu huu alioukuta kandokando ya mto Sankuru, hapa hapa Kongo.

Dawa kuu ni ivermektini, ambayo kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure kwa ugonjwa huu tangu 1987. Mgawaji wa dawa haji na mizani. Huja na fimbo yenye alama. Unasimama wima kando yake: mwenye sentimita 90 hadi 119 hupewa kidonge kimoja, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, na kuanzia 159 vinne. Mjamzito, mama aliyejifungua wiki hiyo, mtoto ambaye hajafika sentimita 90 na mgonjwa mahututi hawapewi. Dawa hii huua viluwiluwi lakini mnyoo mzima hubaki, ndiyo maana tunaimeza kila mwaka, kwa miaka mingi. Doksisaiklini ya wiki sita humpiga mnyoo mzima mwenyewe, kwa kuua bakteria anaowategemea. Moksidektini, iliyojaribiwa Kongo, Ghana na Liberia, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, nayo huwazuia viluwiluwi kwa muda mrefu zaidi.

Jambo moja msilifiche. Ukiwahi kuona mnyoo akipita kwenye weupe wa jicho, mwambie mgawaji kabla ya kumeza. Huyo ni loa, mnyoo wa msituni, na mwenye viluwiluwi vyake vingi sana damuni anaweza kudhurika ubongo akimeza ivermektini.

Turudi kwenye makula. Kuna kuchakaa kwa aina mbili. Aina ya majimaji, ambamo mishipa dhaifu ya damu huota na kuvuja, hutibiwa kwa sindano ndani ya jicho lililotiwa ganzi, nayo hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa. Ranibizumabu iliidhinishwa kwa kazi hiyo mwaka 2006. Bevasizumabu, dawa ya saratani iliyo nafuu zaidi, ilionekana mwaka 2011 kulinda macho sawasawa nayo. Aina kavu huenda polepole: kuacha sigara husaidia, na mchanganyiko maalumu wa vitamini na zinki hupunguza kasi kwa waliofika hatua ya kati. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha sindano mbili za kwanza kwa hatua yake ya mwisho, lakini nazo hupunguza kasi tu.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo. Mtoto wa jicho akitolewa kwa upasuaji, mzee huona tena. Retina iliyokufa hairudi, iwe imeuawa na mto au na umri. Tiba zake ni za mtu ambaye bado anaona.

Basi leo, mketishe mzee wako mbele ya dirisha lenye nondo. Afunike jicho moja, atazame nondo hizo, kisha abadili jicho. Akisema zimepinda, au zimekatika katikati, usingoje mwisho wa mwezi: mpeleke kwa daktari wa macho wiki hii.