JE, WAJUA? Ramani ya madini nayo ni mali ya taifa

Je, wajua kwamba lori la shaba likifika Mokambo, mpakani na Zambia, husimama likakaguliwa, ilhali taarifa za mahali shaba ilipo huvuka mpaka bila lori wala kizuizi? Julai 2025 serikali ya Kongo ilitia saini makubaliano na KoBold Metals, kampuni ya Marekani inayotafuta madini kwa akili mnemba. Programu zake husoma ramani na vipimo vya zamani, zikakisia pa kuchimba. Kumbukumbu nyingi za aina hiyo, za tangu ukoloni, zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Anayezisoma kwanza hujua thamani ya ardhi kabla ya mwenye ardhi, naye huja kwenye meza ya mkataba akiwa na nguvu zaidi.

Wapo wasemao kwamba usimamizi mkali wa taarifa hizo utawafukuza wawekezaji. Hoja hiyo ina uzito, lakini kobalti inaijibu. Kongo iliitangaza kuwa madini ya kimkakati mwaka 2018. Februari 2025 ikasimamisha mauzo yake nje, na Oktoba ikaweka viwango vya mauzo hayo. Bei ilipanda. Kwa upande wa taarifa, sheria ya dijitali ya mwaka 2023 tayari ipo. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba nakala za taarifa zinabaki nchini, na kwamba wanajiolojia wa Lubumbashi wanaweza kuzisoma na kuyahoji majibu ya mashine. Mwenye shamba asiyejua mipaka yake hulilinda vipi?